Polisi Wakija Bila Kibali cha Mahakama

Mlango unagongwa alfajiri. Nje wamesimama maafisa wa polisi. Wanasema kijana anayeshukiwa kuiba pikipiki ameonekana akiingia katika ploti hiyo. Kibali cha mahakama hawana. Mwenye nyumba afungue au asifungue?

Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda kila mtu asipekuliwe ovyo, yeye, nyumba yake wala mali yake. Kwa kawaida, msako huhitaji kibali cha korti. Lakini Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 57, inamruhusu afisa kuingia bila kibali akiwa na sababu za kutosha kuamini kwamba ndani mna mtu aliyetolewa hati ya kukamatwa, au mshukiwa wa kosa ambalo polisi huweza kumkamata mtu bila hati. Wizi ni mojawapo. Anaweza pia kuingia ikiwa mna kitu kinachohitajika katika uchunguzi, na kungoja kibali kutauvuruga uchunguzi huo. Kutaka tu kuangalia-angalia si sababu.

Ni lazima afisa aeleze mamlaka yake na kilichomleta, kisha aombe kufunguliwa. Akicheleweshwa bila sababu ya maana, anaweza kuvunja mlango. Kwa hivyo yule wa alfajiri ni heri afungue, huku akiuliza maswali yake. Kumzuia afisa kazini ni kosa.

Wengi hawajui kuhusu kalamu. Tuseme maafisa wanamkosa kijana, lakini wanaondoka na simu iliyokuwa mezani. Chini ya kifungu cha 60, afisa anayesaka kitu bila kibali huandika kwanza sababu zake na maelezo ya kitu chenyewe. Kinachochukuliwa huorodheshwa, kisha hupelekwa kwa hakimu bila kukawia. Mkazi naye aandike: jina la afisa, nambari yake ya huduma, kituo anachotoka, saa, na kila kilichobebwa.

Mwanamke hupekuliwa mwilini na mwanamke mwenzake tu, kwa staha.

Vifungu hivi vinawahusu maafisa wa polisi. Mzee wa mtaa au askari wa kaunti hapati humo ruhusa ya kusaka nyumba ya mtu.

Aliyedhulumiwa anaweza kulalamika kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Kesi ikifika kortini, kifungu cha 50(4) cha Katiba kinaamuru ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki ukataliwe, ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki. Hapo ndipo ile karatasi ya mkazi huhitajika.