Shemeji ananiuzia Prius

BARUA

Mjomba, mimi ni Mkongo, mkimbizi, nakaa Base Camp hapa Nakivale, Uganda, tangu 2013. Naendesha Premio ya mtu, nabeba abiria kati ya Nakivale na Mbarara. Jioni nampa mwenye gari hesabu yake, kinachobaki ndicho chakula cha watoto. Sasa shemeji yangu, kaka ya mke wangu anayekaa Ruti pale Mbarara, ameniletea mutuka: Prius ya mwaka 2010, imetembea kilomita 231,000, ilikuwa teksi ya kukodi Kampala. Anataka shilingi milioni 21. Mimi nina 12: nane alizotuma mdogo wangu aliyeko Marekani na nne za kikundi chetu cha akiba. Tisa zinazobaki ni mtaji wa mke wangu wa vitenge. Shemeji anasema betri kubwa ilitengenezwa mwezi uliopita, haina shida tena. Mdogo wangu ananiambia ninunue, maana Prius yake imefika laki mbili na haijawahi kulala gereji. Logibuku, yaani kadi ya gari, shemeji anasema ibaki kwa jina la mwenye gari wa zamani, kwa sababu mkimbizi haandikishwi gari. Nikimuuliza mke wangu anasema tu, “Ni kaka yangu huyo.” Shemeji anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nifanye nini?

Baba Neema, Nakivale

JIBU

Baba Neema,

Nianze na mdogo wako, maana naona ndiye aliyekutia joto. Hakudanganyi. Gari lake la Marekani linahesabu maili, na maili laki mbili ni kama kilomita 320,000, kwa hiyo limetembea kuliko hilo la shemeji na bado lipo barabarani. Wala si bahati yake peke yake. Mwaka 2011 jarida la Consumer Reports la hukohuko lilichukua Prius ya mwaka 2002 iliyokwishapita maili 200,000, likapima mwendo wake na ulaji wake wa mafuta, kisha likalinganisha na vipimo lilivyochukua kwa Prius kama hiyo ilipokuwa mpya. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Basi hiyo 231,000 isikunyime usingizi. Mimi ningeshtuka zaidi kama teksi ya Kampala ya mwaka 2010 ingesoma 90,000.

Ila kuna jambo mdogo wako hakulisema, labda kwa kuwa hajawahi kulihitaji. Kule, betri kubwa ya Prius iliuzwa na dhamana ya kiwanda: miaka 8 au maili 100,000 kwa magari ya zamani, na kuanzia matoleo ya 2020 miaka 10 au maili 150,000. Anatembea kwenye lami, na gari likimgomea anapiga simu. Wewe dhamana yako ni neno la shemeji.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana ndiyo sababu yote ya kununua gari la namna hii, la petroli na umeme. Hapa sitakuficha: kuokoa utaokoa. Tuseme unakata kilomita 200 kwa siku, Premio inakula lita 8 kwa kila kilomita 100, na Prius iliyojaa watu inakula 5 au 6. Hizo ni lita nne hadi sita kila siku, na bei ya lita pale Base Camp unaijua kuliko mimi. Si fedha ya kudharau. Lakini fahamu inatoka wapi. Prius hujichaji yenyewe kila unapokanyaga breki: nguvu ambayo kwenye Premio ingepotea kama joto kwenye padi, huku inarudi betrini, halafu inatumika kusukuma gari linapoondoka. Ndiyo maana inang’ara kwenye foleni za Kampala, simama, ondoka, simama. Barabara yako haina foleni. Kwenye lami unakwenda mwendo mmoja, na kwenye vumbi injini inavuta mzigo muda wote. Faida itapungua kuliko alivyokuwa akiipata dereva wa Kampala, ingawa haitaisha.

Na hilo vumbi ndilo linalonisumbua kuliko kilomita. Betri ya Prius inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Kuna feni, na mdomo wake uko pembeni mwa kiti cha nyuma, una matundu kama ya spika. Abiria wengi hawajui ni kitu gani. Fikiria safari yako ya kawaida: wanne nyuma mahali pa watatu, mkungu wa matoke umesukumwa pembeni ya kiti, gunia juu yake, madirisha wazi na vumbi jekundu linaingia. Ule mdomo ukizibwa, au feni ikijaa vumbi, betri inachemka bila wewe kujua, na kitu kinachoua betri ya aina hii haraka ni joto. Ukinunua, sehemu hiyo haiwekwi mzigo kamwe, hata wa mama mkwe, na feni inafunguliwa na kusafishwa mara kwa mara. Halafu gari lenyewe ni la chini. Unaijua barabara yako wakati wa mvua.

Hiyo “betri ilitengenezwa” nimeisoma mara mbili. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Betri ya Prius hiyo ni vipande 28 vya nikeli vilivyofungwa safu moja, jumla volti 201.6. Kimoja kikifa, taa nyekundu ya hatari inawaka. Fundi wa haraka anang’oa kile kilichokufa, anapachika kingine kilichotoka kwenye betri nyingine kuukuu, taa inazimika, gari linatangazwa kuuzwa. Vile 27 vina umri uleule na vimepigwa na joto lilelile. Baada ya miezi kadhaa kinazimika kingine, na safari hiyo gari ni lako. Muulize shemeji swali moja tu: ilibadilishwa betri nzima, au vipande? Kama ni nzima, risiti ipo wapi? Akianza kueleza sana, umeshajibiwa.

Kabla ya kusema chochote kuhusu bei, lipime. Nenda Ruti alfajiri, bila kumwambia saa, uweke kiganja juu ya boneti. Kama lina moto, amelitangulia kuliwasha, na wewe rudi nyumbani siku hiyo. Nasema hivi kwa sababu Prius za 2009 hadi 2015, zenye injini ya 1.8, zina ugonjwa wao unaojulikana dunia nzima: njia ya kurudishia moshi kwenye injini huziba masizi, na gasketi ya silinda hedi huungua. Gari likiwa na ugonjwa huo hutetemeka kama lina homa pale injini inapowaka ya baridi, halafu linatulia, na mnunuzi wa saa nne asubuhi haoni kitu. Tazama pia maji ya kupozea. Yakipungua wakati hakuna panapovuja, yanaingia ndani ya injini.

Kisha liendeshe hadi Nakivale na kurudi, na abiria ndani, kwenye barabara utakayofanyia kazi, si kuzunguka Mbarara mjini na kiyoyozi. Tazama mchoro wa betri kwenye dashibodi. Ukijaa haraka kwenye mteremko na kuisha haraka kwenye mlima, betri imechoka. Sikiliza feni nyuma. Ikipiga kelele muda wote, betri ina joto. Mkirudi ndipo fundi mwenye mashine ya kusoma gari aichomeke. Usikubali isomwe kabla ya safari, maana hitilafu hufutwa kwa dakika moja na kompyuta huonekana safi hadi gari litembee. Aangalie kama kuna msimbo P0A80, huo ni wa betri kubwa, na alinganishe volti za yale mafungu 14 ya vipande viwili viwili wakati gari linavuta. Fungu moja likiporomoka wenzake wamesimama, ndilo litakalokulaza porini. Na fundi umtafute wewe. Mafundi wengi wanaoimudu Premio wakiwa wamefumba macho hawajawahi kufungua hiyo betri, na nyaya zake za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua mtu. Asiye na glavu za umeme asiziguse.

(Kuna betri nyingine ndogo ya volti 12, nyuma kwenye buti. Ikichoka hiyo, dashibodi inawasha taa za kila namna na gari halitikisiki. Wapo waliouziwa betri kubwa kwa kosa la ile ndogo. Ukifika huko, anza na ndogo.)

Suala la logibuku ndilo fupi kuliko yote: shemeji amekosea, au amekosea kwa makusudi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa haki ya kumiliki mali inayohamishika kama mgeni mwingine yeyote aliye nchini kihalali, na gari ni mali inayohamishika. Fuatilia namba yako ya mlipa kodi, gari liandikwe kwa jina lako, na malipo yafanyike siku karatasi zinapobadilishwa, mbele ya yule ambaye jina lake limo sasa. Gari likibaki kwa jina lake, siku akifa au akigombana na mtu, litafuatwa barabarani likiwa na abiria wako ndani. Kama yule wa zamani hapatikani, hakuna biashara, hata Prius ingekuwa mpya.

Sasa hesabu uliyonipa. Nane, nne, tisa: 21. Bei: 21. Umeniandikia barua ndefu na hukuacha hata shilingi moja ya matairi. Gari la umri huo lazima lidai kitu mwaka wa kwanza, na hili likidai litadai betri, ambayo labda itabidi ifuatwe Kisekka Market, Kampala. Wakati huo Premio ya tajiri umeshairudisha na vitenge vya mama vimeshauzwa. Nyumba nzima itakaa kungoja fundi. Kwa hiyo jibu langu kwa bei hiyo ni hapana. Ulizia kwanza bei ya betri nzima na kazi ya kuifunga. Fedha hiyo itengwe kwenye milioni zako 12, na kinachobaki ndicho unachoweza kutoa. Shemeji akikubali, na gari likapita vipimo vyote, lichukue bila hofu. Akikataa, katafute gari la petroli tupu ambalo kila fundi wa Mbarara analijua, hata kama itabidi uendelee kumlipa tajiri hesabu kwa muda.

Umesema mama Neema hasemi ndiyo wala hapana. Amesema, ndugu yangu. Mwanamke anayeweka mtaji wake wa miaka mezani kisha anajibu “ni kaka yangu huyo” anakuambia kwamba hawezi kumkatalia kaka yake na hawezi kukukatalia wewe. Usimwachie yeye kazi ya kukataa. Nenda kwa shemeji mwenyewe, mkae, umwambie kwamba milioni tisa za dada yake hazimo kwenye biashara hii, na kwamba huo ni uamuzi wako wewe, si wa dada yake. Akinuna atanuna na wewe, na kwenye harusi inayofuata mtaongea. Mke wako mwambie leo usiku, kabla hujaenda Ruti, ili kesho aende sokoni akanunue vitenge.