HEWA NA PETROLI: JINSI YA KUPIMA CHAKULA CHA INJINI

Wenye motokaa wengi hudhani ya kuwa injini hula petroli peke yake. Kwa kweli chakula chake kikubwa ni hewa. Ili petroli iungue yote, kilo moja ya petroli yahitaji kilo 14.7 za hewa. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi mno, lita moja tu ya petroli yahitaji karibu lita 9,000 za hewa ya pwani. Petroli ikizidi kipimo hicho, mchanganyiko huitwa mzito; ikipungua, huitwa mwepesi.

Tuchukue mfano wa motokaa yenye kabureta, iliyorekebishwa vema Mombasa. Ikipanda hadi Nairobi, kimo cha mita 1,700 hivi juu ya bahari, hukuta hewa nyembamba, ambayo uzito wake umepungua kwa karibu sehemu moja katika sita. Petroli inayotoka katika jeti haipungui kwa kadiri ile ile, kwa hiyo mchanganyiko huwa mzito. Motokaa iliyorekebishwa milimani ikiteremka pwani, mambo hugeuka, na mchanganyiko huwa mwepesi.

MADHARA YAKE

Mchanganyiko mzito hupoteza fedha, hujaza plagi masizi, na petroli isiyoungua huosha mafuta ya kulainisha katika kuta za silinda. Tena huzidisha gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu. Kwa sababu hiyo usiwashe injini kamwe ndani ya banda lililofungwa.

Mchanganyiko mwepesi hudanganya, maana mwenye gari huona kama anaweka akiba. Lakini injini ikipanda mlima na mzigo, joto huzidi, injini hugonga, na mwisho vali huungua au pistoni hutoboka.

NAMNA YA KUPIMA

Kwanza, safisha chujio la hewa, kagua plagi na nyaya zake, na tafuta kila mahali panapovuja hewa. Kisha iache injini ipate moto.

Pili, soma plagi. Panda kilima kwa nguvu, simama mahali pa usalama, ukazime injini mara moja bila kuiacha ingurume bure. Injini ikisha kupoa, zifungue plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi meusi makavu yaonyesha mchanganyiko mzito, na weupe kama chokaa waonyesha mchanganyiko mwepesi.

Tatu, ikiwezekana, tumia kipimo cha oksijeni kinachopachikwa katika bomba la moshi. Kampuni ya Volvo ilianza kukitia katika motokaa zake mwaka 1976. Kipimo cha namna ya kwanza hutoa umeme wa volti 0.9 hivi mchanganyiko ukiwa mzito, na volti 0.1 hivi ukiwa mwepesi. Basi hueleza upande tu. Kipimo cha namna ya pili huonyesha nambari yenyewe. Katika mwendo wa kawaida penye tambarare, injini nyingi hufaa karibu na 14.7, zikivuta kwa nguvu zote, hutaka baina ya 12.5 na 13.

JIHADHARI NA JAMBO HILI

Kipimo hicho huonja oksijeni, hakionji petroli. Plagi moja isipowaka, hewa ya silinda ile hutoka bila kuungua, na kipimo husema mchanganyiko ni mwepesi hata kama petroli imejaa tele. Tundu katika bomba la moshi huleta uongo ule ule. Fundi asiyejua haya huongeza petroli, na kumbe huongeza hasara.

Katika motokaa za siku hizi kompyuta hufanya kazi hii yenyewe, lakini kabureta zingali katika pikipiki nyingi, jenereta na magari ya zamani. Anayezirekebisha na ageuze kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha apime, na kuandika nambari pamoja na mahali alipopimia. Sikio la fundi ni msaada mwema, lakini halitambui pistoni inayoanza kuyeyuka. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.