Kima Punju, Mkulima na Likizo ya Familia

Likizo ikifika, familia nyingi za waamini hapa Unguja, kuanzia Amani hadi Mji Mkongwe, hujiuliza wawapeleke watoto wapi. Sisi tunapendekeza Jozani, kama kilomita 35 kusini mashariki mwa mji. Ila kabla ya kupanda daladala, tutafakari kidogo kile tunachokwenda kukiona.

Msitu huo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyoanzishwa mwaka 2004. Mwenyeji wake mashuhuri ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani. Kwa asili yake hapatikani popote duniani ila Unguja. Wazee walimwita punju, yaani sumu, kwa kuamini kwamba mti anaoula hufa. Hula majani machanga na matunda mabichi, na wanaokaa karibu na mashamba hula hata makaa, yanayowasaidia kupunguza sumu iliyomo katika majani ya miembe na mikungu. Watoto watacheka, na wacheke.

Mkulima wa jirani hacheki. Anaona vitale vya mnazi wake vikiliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba mavuno ya nazi hayakupungua kwa sababu ya kima kama ilivyodhaniwa, lakini msitu uliohifadhiwa ni pia msitu ambao yeye hawezi tena kukata kuni humo apendavyo.

Hapa ndipo somo letu lilipo. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, aya ya 15, kinampa mtu kazi mbili katika bustani: kuilima na kuitunza. Sisi wa mjini hupenda kuhubiri ya pili na kumwachia mwanakijiji gharama yake. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato si' wa mwaka 2015, alikataa kutenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Kwa hiyo kiingilio cha Jozani kina uzito: sehemu ya mapato hurudi katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi.

Watakaopenda bahari waende Changuu kuwaona kobe wakubwa, ambao wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mtoto akitaka kumpanda kobe mgongoni, mzazi akumbuke Katekisimu, namba 2418: kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Namba hiyohiyo inakataza kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu za watu. (Mara nyingi tunasoma nusu ya kwanza tu.)

Maswali ya jumuiya ndogondogo: Katika bajeti yetu ya likizo, jirani asiye na nauli yumo? Na tukifika Jozani, tutanunua chakula kwa nani?