Tunda la Kupikwa Polepole Hata Bila Umeme

Ndugu zetu wa Fizi waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma hadi wakafika Marekani wana chombo wanachokisifu sana kwenye simu: chungu cha umeme kinachopika polepole. Unatia matunda, unafunika, unaenda zako. Ukirudi yameiva, yamelainika, na hakuna kilichoungua. Hapa Nundu ukisikia hivyo unaguna tu. Nyumba nyingi hazina umeme, na paneli ya jua ya kuwasha taa mbili na kuchaji simu haiwezi kubeba chombo kinachotaka wati 200 kwa saa tatu mfululizo.

Usigune kwanza. Mmarekani Irving Naxon alipata hati ya uvumbuzi wa chungu hicho mwaka 1940, na kampuni ya Rival ikaanza kukiuza kwa jina la Crock-Pot mwaka 1971. Wazo lenyewe alilitoa katika simulizi za nyumbani kwao kuhusu Lithuania, ambako Wayahudi walikuwa wakitia chungu cha maharage na nyama kwenye tanuri la mkate lililokwisha kazi, likiwa linapoa, kikaiva usiku kucha. Kumbe mashine iliiga moto unaokufa, na moto unaokufa sisi tunao kila siku sombe inapoipuliwa.

1. Pikia moto ambao umeshaulipia

Sombe hula makaa mengi. Ikishaiva na bugali ikishasongwa, mbabula hubaki na makaa mekundu ambayo watu huyamwagia maji au huyaacha yaishe bure. Hayo ndiyo ya matunda. Yafunike majivu kidogo, moto upungue makali, kisha weka sufuria juu. Majivu huzuia hewa, kwa hiyo makaa huungua taratibu na sufuria haishiki chini.

Ukitaka joto la juu pia, panga vipande vitatu vinne vya makaa juu ya kifuniko cha bati. Wapishi wa Zanzibar hupika mkate wa kumimina hivyo, moto juu na moto chini, na mkate hutoka umepata rangi pande zote. Tahadhari moja tu: mbabula ibaki nje au barazani. Ukiiingiza ndani na kufunga mlango kwa sababu ya mvua, hewa ya makaa huua watu usingizini, na haina harufu ya kukuamsha.

2. Tengeneza kitunga cha joto

Hiki ndicho chungu chetu cha umeme kisicho na umeme. Tafuta kitunga kipana, au hata katoni imara. Kijaze majani makavu ya migomba, nyasi kavu au makapi ya mpunga, uache katikati shimo la kukaa sufuria. Unene wa majani uwe kama upana wa kiganja kila upande, na chini pia. Tandika kitenge cha zamani juu ya majani ili yasiingie kwenye chakula. Kisha shona mto uliojaa vitambaa au pamba ya godoro chakavu, ukae juu ya kifuniko bila kuacha mwanya.

Chemsha matunda kwenye mbabula dakika kumi, yakiwa bado yanatokota yahamishie kwenye kitunga, gandamiza mto, ondoka. Moto haupo tena, lakini joto halina pa kwenda. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Tunda hulainika vizuri kuanzia kama nyuzi 85. Utaona basi kwamba sufuria iliyofunikwa sawasawa ina nafasi ya kutosha ya kumaliza kazi kabla haijapoa.

Na usidhani ni ushamba. Sanduku la namna hii kutoka Norway lilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1867, na tangu 2008 Afrika Kusini wanatengeneza mfuko wa kitambaa wa kazi hiyohiyo na kuuuza nchi nyingi. Wewe wa kwako unaumaliza mchana mmoja.

3. Sufuria iwe nzito, na ijae

Sufuria nyepesi yenye matunda kidogo hupoa upesi. Jaza angalau theluthi mbili. Hili si pishi la mtu mmoja. Pika ya nyumba nzima na jirani apelekewe bakuli.

Matunda makali kama nanasi na limau hula aluminiamu. Ukiyalaza humo saa nyingi, sufuria hutoka inang'aa kama imesuguliwa na chakula hupata ladha ya chuma. Chungu cha udongo au sufuria ya enameli isiyobanduka ni bora. Kama una aluminiamu pekee, pika makemba na mapapai humo, na limau likamuliwe mwisho, chakula kikiwa tayari kwenye sahani.

4. Anza na makemba na nanasi

Kwa watu sita hadi wanane: makemba sita yaliyoiva, nanasi moja dogo, kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, vikombe viwili vya maji, vijiko viwili vikubwa vya sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Basi.

Makemba yanayofaa ni yale ambayo muuzaji anataka kuyaondoa: ganda limeingia weusi, ukiminya linabonyea. Wanga wake umeshageuka sukari, na wewe unaokoa vijiko. Yakiwa ya kijani utapata chakula cha mchana, hutapata kitindamlo. Yamenye, yakate vipande vinene vya vidole viwili. Vyembamba vitavurugika na kuwa uji.

Nanasi likatwe dogo zaidi, na maganda yake usiyatupe. Yaoshe vizuri, yachemshe pamoja na tangawizi iliyopondwa kwenye vile vikombe viwili vya maji, chuja, na maji hayo ndiyo uyapikie. Harufu itakwambia kwa nini. Panga nanasi chini, makemba juu, nyunyiza sukari na chumvi, mwagia maji ya maganda. Chemsha dakika kumi, tia kwenye kitunga, rudi baada ya saa mbili. Makemba yatakuwa yamegeuka rangi ya dhahabu na maji yamekuwa mazito kama asali nyepesi.

Mwenye mtu anayevuka ziwa kwenda Kigoma amwagize mdalasini na iliki. Asiye naye atie mchaichai wa uani, mashina mawili yaliyopondwa. Kwa maoni yangu mchaichai unaushinda mdalasini kwenye nanasi.

5. Kila tunda na tabia yake

Embe: chukua lililoiva lakini bado gumu kidogo. Lililolegea likipikwa hubaki nyuzi. Dakika tano za kuchemka na saa moja ya kitunga zinatosha.

Papai: lenye michirizi ya njano, lisiwe jekundu kabisa. Peke yake limepooza, linahitaji limau au marakuja. Marakuja yenyewe huingia mwisho, baada ya kufunua, kwa sababu harufu yake hutoroka na mvuke.

Pera: pika mazima, kisha yasugue kwenye chujio uache mbegu. Pera lina utomvu wa kugandisha, ule unaofanya jamu iwe jamu, kwa hiyo likipoa hushikana lenyewe bila unga wowote.

Avoka: usipike. Moto huitia uchungu. Iache kwenye saladi.

6. Maziwa na karanga baadaye

Pwani wana ndizi za nazi, ndizi mbivu zilizotokota taratibu kwenye tui na iliki, chakula cha futari kinachopendwa mno Zanzibar. Kwetu minazi si ya kutegemea, lakini karanga zipo. Kaanga kavu kiganja kimoja au viwili, ondoa maganda, twanga mpaka zitoe mafuta, changanya na maji ya matunda ya moto hadi ziwe rojo, rudisha sufuriani, kisha rudisha sufuria kwenye mbabula dakika tano. Hapo makemba yanapata uzito ambao tui lingeyapa.

Maziwa, yawe ya ng'ombe au ya unga, yasichemshwe pamoja na nanasi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoyafanya maziwa yawe machungu, na hata likipikwa ukali wake huyakata mabongebonge. Yamimine kwenye bakuli wakati wa kula. Na mawese, hapana. Nayapenda kwenye sombe na kwenye ndagala, ila hapa yanameza ladha ya tunda lote.

7. Mkono usichungulie

Ukifunua kuonja, mvuke wote umekwenda, na kitunga hakina moto wa kuurudisha. Watoto wawekewe kazi nyingine mbali. Kama saa mbili zimepita na vipande bado vigumu, usivirudishe kitungani hivyohivyo: chemsha upya dakika tano, ndipo ufunike tena.

8. Mkate wa jana una kazi

Mandazi yaliyokauka au biskuti zilizovunjika, zisage kwa chupa, changanya na karanga zilizopondwa na sukari kijiko kimoja, zikaange kavu mpaka zinukie. Nyunyiza juu ya matunda wakati wa kupakua tu, si kabla. Zikitiwa mapema hulowa na kupoteza ukavu wake.

9. Kwa walio na umeme

Wa Baraka wenye jenereta wasihangaike, mafuta yatagharimu zaidi kuliko matunda. Nyinyi wa Marekani na kwingineko wenye chungu chenyewe, pishi la makemba na nanasi linakwenda hivihivi, ila punguzeni maji yawe nusu kikombe, kwa sababu chombo hicho hakipotezi mvuke. Wekeni moto mdogo, saa mbili na nusu hadi tatu. Tandazeni kitambaa safi cha jikoni chini ya kifuniko kinyonye matone, na ncha zake zikunjwe juu zisiguse chombo cha moto. Mkitumia maembe ya makopo, sukari msitie kabisa, maji ya kopo yanayo tayari.

10. Baki

Pakua matunda yakiwa ya moto, na yasikae kitungani mpaka yapoe; uvuguvugu ndio wadudu wanaoupenda. Matunda matupu yenye limau, yakiwa kwenye chombo safi kilichofunikwa na mahali pa baridi, yanaweza kuliwa asubuhi baada ya kuchemshwa tena mpaka yatokote. Yenye maziwa au karanga yaliwe usiku uleule. Kwa joto letu la kando ya ziwa hayalali.