Ruzuku za Mazingira Jirani na Uwanja wa Ndege: Kijitabu kwa Vikundi vya Kibeta na Kata Nyingine za Manispaa ya Bukoba

Kijitabu hiki ni cha kikundi chenye wazo la kazi ya mazingira na kisicho na fedha ya kuifanya. Kinaeleza ni kazi gani zinafaa katika mji ambao uwanja wake wa ndege uko karibu na makazi, fedha za umma zinapatikana wapi, na kwa nini maombi mengi hurudi.

UWANJA UNATUHUSU NINI SISI WA KIBETA?

Swali ni la haki. Uwanja uko kule ufukweni, na mtu wa Kibeta huenda hajawahi kupanda ndege. Lakini mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) unashauri kuangaliwa kwa chochote kinachovuta ndege wa porini ndani ya duara la kilomita 13 kutoka uwanjani. Kibeta imo ndani ya duara hilo, na kata nyingine za mjini nazo zimo. Korongo wale wakubwa wanaosimama jalalani kama wazee wa baraza, mwewe, kunguru na yangeyange hawajui mipaka ya kata. Wanakula kwenye kizimba cha taka asubuhi, na muda mfupi baadaye wanazunguka juu ya ufukwe. Ndege ya abiria inapotua au kupaa iko chini na haina nafasi ya kuwakwepa. Korongo mmoja akiingia kwenye injini, hasara yake ni kubwa kuliko bajeti ya kata.

Bukoba haihitaji kukumbushwa ajali ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikijiandaa kutua na watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha. Ajali ile haikutokana na taka, na hatuitaji hapa ili kumtisha mtu. Tunaitaja kwa sababu tangu siku ile kila mkazi wa mji huu anafahamu jinsi njia ya kurukia, ziwa na nyumba za watu vilivyokaribiana.

Jambo la pili ni maji. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ikikaribia maradufu ya Dar es Salaam, na Aprili ndio mwezi wake mzito. Maji ya vilimani hushuka na kila kilichotupwa mtaroni: viroba, chupa, maganda, nepi. Mto Kanoni hupokea sehemu kubwa ya mzigo huo kabla ya kuumwaga ziwani. Mei 2024 ulifurika na kuingia kwenye nyumba za watu. Kikundi kinachozibua mtaro huku juu kinawasaidia watu wa mabondeni ambao huenda hakitakutana nao kamwe.

KABLA YA KUANDIKA "KUPANDA MITI"

Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na Aprili 1 ni Siku ya Taifa ya Upandaji Miti. Labda ndiyo sababu kikundi kikiulizwa mradi wa mazingira, jibu la kwanza ni miche. Maoni yetu ni kwamba katika mji huu kazi ianze na taka, ifuatiwe na mitaro, na miti ije baada ya hapo. Mche uliopandwa juu ya mtaro ulioziba hung'olewa na mvua ya kwanza ya masika.

Miti ikipandwa, ipandwe kwa akili. Mkaratusi hurefuka haraka sana, na eneo lililo chini ya njia ya ndege lina ukomo wa urefu wa kitu chochote, uwe mti, mnara au ghorofa. Anayetaka kupanda karibu na uwanja aulize kwanza ofisi ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (TAA) pale pale uwanjani. Miti ya matunda madogo madogo inayokusanya makundi ya ndege isiwekwe upande huo. Kwenye miteremko iliyo mbali na uwanja, mishambya na migrivea hushika udongo na kumpa mwenye kibanja mbao na kuni. Kando ya Kanoni na ziwani kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji hairuhusiwi shughuli ya kudumu wala inayoweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Usiombe fedha ya bustani ya mboga katika ukanda huo.

Kwa taka, Bukoba ina bahati ya aina moja. Sehemu kubwa ya kinachotoka jikoni ni maganda ya ndizi, na maganda ni chakula cha kibanja. Kikundi kinachokusanya maganda ya mtaa mzima, kikayaozesha na kuuza mboji kwa wenye migomba na mibuni, kina mradi unaoweza kuendelea hata ruzuku ikiisha. Masharti ni mawili. Shimo la mboji lifunikwe, kwa udongo au turubai, la sivyo mtakuwa mmewaandalia kunguru karamu. Na mabaki ya mgomba wenye mnyauko yasiingie humo kabisa. Ugonjwa huo uliingia Kagera kupitia Muleba mwaka 2006, na mboji isiyochambuliwa inaweza kuutembeza kutoka kibanja hadi kibanja. Wenzetu wa mialoni, kama Nyamukazi, wana kazi yao nyingine: utumbo wa samaki na mabaki ya dagaa. Pipa lenye kifuniko mwaloni huenda lina faida kwa usalama wa anga kuliko miche elfu.

Halafu kuna senene. Hakuna mradi utakaomzuia Mhaya kutega senene, na wala hatujaribu. Lakini senene hutegwa usiku kwa taa kali, na taa zinazoelekezwa angani zinaweza kumchanganya rubani, na kanuni za kimataifa za viwanja zinataka taa za namna hiyo zizimwe au zikingwe. Vikundi vya wategaji vikae na TAA kabla ya msimu, vikubaliane mitego iwekwe wapi na taa zielekee wapi. Mazungumzo hayo hayahitaji ruzuku.

MILANGO YA FEDHA

Kuna viwanja duniani ambavyo vyenyewe hutoa fedha kwa majirani. Bandari ya Seattle nchini Marekani, inayomiliki uwanja wa Seattle-Tacoma, ilianzisha mwaka 2018 mfuko wa dola milioni 10 kwa jamii za kusini mwa King County, na sehemu yake ikatolewa kuwa ruzuku za mazingira. Huku kwetu milango ni mingine, na kila mmoja una kazi yake.

Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hutoa ruzuku kwa vikundi, asasi na taasisi kwa kazi za miti na misitu. Kitalu na miteremko inayoporomoka vipelekwe huko. Mitaro na mapipa hapana.

Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayosimamiwa na UNDP, ilianza mwaka 1992 na hutoa fedha kwa vikundi vya kijamii na asasi zisizo za kiserikali. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Kamati inayopitisha maombi ina wajumbe wengi wasio wa serikali. Hupenda kazi inayogusa ziwa, bioanuwai au tabianchi, na hutaka kuona mchango wenu. Huu ndio mlango mpana zaidi, na ndio wenye makaratasi mengi zaidi.

Mfuko wa Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009, kamati yake huongozwa na mbunge. Unafaa kwa kitu kimoja kinachoonekana, kama kalavati au mtaro wa mawe.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu) ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Kikundi cha mboji kinachouza kinaweza kuubeba. Kikundi cha kuzibua mitaro bure kikiuchukua kitaishia kwenye madeni, maana mtaro haulipi mtu.

Kazi kubwa, kama kuimarisha kingo za Kanoni, ni za Serikali kupitia miradi ya miundombinu ya miji kama TACTIC, inayogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Msiandike andiko la kujenga ukuta wa mto.

ANDIKO LENYEWE

Maombi mengi hufia kwenye sentensi ya kwanza. Linganisha hizi mbili, zote za mfano tu:

"Lengo la mradi ni kuboresha mazingira ya kata yetu kwa maendeleo endelevu."

"Tutazibua mtaro wa mita 400 kutoka shuleni hadi darajani, tutaweka mapipa 6 yenye vifuniko, na wanachama 15 watausafisha kila Jumamosi kwa miezi 12."

Msomaji wa sentensi ya pili anaweza kwenda na futi kamba kupima. Ndiyo maana atawaamini. Basi pimeni mtaro kwa hatua, hesabuni nyumba zinazomwaga taka humo, na mpige picha yenye tarehe kabla hamjagusa kitu. Picha ya kabla haipatikani tena kazi ikishaanza.

Ambatisheni cheti cha usajili, katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao uliosainiwa, taarifa ya benki na barua ya mtendaji wa kata. Usajili wa kikundi cha kijamii huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii. Nendeni kwake mapema, si wiki ya mwisho. Akaunti iwe na watia saini zaidi ya mmoja, na mume na mke wasiwe watia saini wote wawili. Kama kazi inagusa barabara, mto au eneo la uwanja, wekeni barua ya mwenye eneo. Bila ruhusa hiyo, andiko zuri kiasi gani litawekwa pembeni.

Nguvu za wananchi zina thamani ya fedha. Watu 15 wakifanya kazi Jumamosi 50, ziandikeni siku zote 750 na mzipigie hesabu kwa ujira wa kibarua wa hapo mtaani. Wafadhili wengi huukubali mchango huo badala ya taslimu, na vikundi vingi husahau kuutaja.

Lipelekeni wazo pia kwenye mkutano mkuu wa mtaa. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, na kisichoingia kwenye mpango wa mtaa na kamati ya maendeleo ya kata mapema husubiri mwaka mwingine.

FEDHA IKISHAINGIA

Hapa ndipo urafiki huvunjika. Risiti ya mashine ichukuliwe kwa kila kinachonunuliwa dukani. Kwa mzee wa toroli asiye na mashine, andikeni hati ya malipo, asaini au aweke dole gumba. Matumizi yasomwe mbele ya wanachama kila mwezi na kubandikwa ofisi ya mtaa. Bei ikipanda na fedha isitoshe, mwandikieni mfadhili kabla ya kuhamisha kifungu. Akijulishwa mapema, kwa kawaida hukubali. Akigundua mwenyewe, mradi unaofuata hamtaupata.

Maombi yakikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, mrekebishe, mrudi dirisha litakapofunguliwa tena. Mtaro unaweza kuzibuliwa wakati mnasubiri. Koleo la kuazima linatosha kuanza, na picha za kazi hiyo ziingie kwenye andiko la pili.