Mama Mzazi Amerudi Nyumbani: Maumivu na Hofu Baada ya Kuzaa

Siku mama anapotoka maternite, nyumba inajaa shangwe. Majirani wanajipaka pudre, wanaimba, wanampokea mtoto mkono kwa mkono. Jioni wanarudi kwao. Mama anabaki na tumbo linalomkata, jeraha linalomchoma akikaa, na machozi ambayo hajui yanatoka wapi. Bwana anashangaa: «Mtoto ni mzima. Unalia nini?»

Wewe baba unayefanya kazi mgodini au kiwandani, usome ukurasa huu pamoja na bibi yako. Maumivu hayo yana sababu, na mengi yanaweza kutulizwa nyumbani bila kununua dawa.

Tuanze na tumbo. Mara baada ya kuzaa, tumbo la uzazi lina uzito wa kilo 1 hivi. Baada ya majuma 6 limerudi chini ya gramu 100. Ili lirudi hivyo linajikaza kama ngumi, na likijikaza linabana mishipa ya damu pale kondo lilipokuwa limeshika. Basi maumivu hayo yana kazi: yanazuia damu isimwagike. Yanazidi mtoto anaponyonya, na kwa kawaida mama wa watoto watatu au wanne anayasikia kuliko yule wa mtoto wa kwanza. Mama, usiache kunyonyesha kwa ajili hiyo; baada ya siku chache yatapungua. Nenda kukojoa kila saa 2 au 3, hata kama husikii haja, maana kibofu kilichojaa kinalizuia tumbo la uzazi kujikaza vizuri. Lala kifudifudi na mto mdogo chini ya tumbo, au weka juu yake kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Aliyepasuliwa asilalie tumbo. Akikohoa au akiinuka, ashikilie mto juu ya jeraha.

Tumesema uvuguvugu. Katika nyumba nyingine mama mkubwa anachemsha maji na kumkanda mzazi kwa nguvu, au anamkalisha juu ya beseni la maji ya moto ili «damu mbaya itoke». Anafanya kwa upendo, lakini ngozi inaungua na jeraha linaharibika. Mwambieni kwa heshima, kisha mpeni kazi nyingine: kumbeba mjukuu, kwa mfano. Hatakataa.

Kwa jeraha la chini, baridi ndiyo inayosaidia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) liliandika hivyo katika mashauri yake juu ya mama mzazi. Funga barafu katika kitambaa safi, isiguse ngozi, uiweke dakika 10 mpaka 20. Kama hakuna barafu, kitambaa safi cha maji baridi kinatosha. Rudia mara kadhaa kwa siku, zaidi sana siku 2 za kwanza. Nyonyesha ukilala kwa ubavu. Matiti yakijaa na kuwa magumu, nyonyesha mara nyingi, na ukamue kidogo kwanza ili mtoto aweze kushika.

Sasa machozi. Siku ya 3, ya 4, ya 5, mama wengi wanalia bila sababu, wanaogopa, wanaamka kila mara kusikiliza kama mtoto anapumua. Si ulozi, wala si uvivu. Kwa kawaida inapita kabla ya majuma 2. Mama, hofu ikikushika, vuta pumzi polepole puani ukihesabu mpaka 4, uitoe ukihesabu mpaka 6, mara 10. Kunja ngumi, kaza mabega, kisha legeza vyote. Mlaze mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Lakini dawa kubwa ni usingizi, na huo unategemea wengine. Baba, tunajua aliyefanya kazi ya usiku anarudi amechoka. Hata hivyo, mtoto akiisha kunyonya, mchukue saa moja kabla hujalala. Chota maji, osha nepi, uwaambie wageni warudi kesho.

Dawa ambazo mganga ameandika, mama azimeze. Mambo haya hayachukui nafasi yake.

Tena, yako maumivu ya kutuliza, na yako mengine ambayo ni kama king'ora cha mgodini: ukikisikia, unatoka. Kitambaa kinalowa damu chote kwa muda wa saa moja. Homa. Uchafu wenye harufu mbaya. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Degedege. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika. Huzuni inayopita majuma 2. Mama anayesema afadhali afe, au anayeogopa kwamba atamdhuru mtoto: huyo asiachwe peke yake hata dakika moja. Kwa huzuni ya siku nyingi, mpeleke kwa mganga juma hilo hilo. Kwa mengine yote, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na zamu yako inaanza alfajiri.