Kata Tawi, Usikate Mti

Kwenye mazoezi ya kufundisha hapa Songea niliandaa ripoti za kidato cha tatu kwa Perl. Binti mmoja hakuchukua Kemia, nikataka kuondoa mstari wa somo hilo kwenye jedwali lake. Nikaandika:

s/<tr>.*Kemia.*<\/tr>//s

Mama yake akapokea ripoti yenye jina tu, masomo yote hayapo! Binti akaulizwa mbele za watu kama kweli huwa anafika shule. Kosa lilikuwa langu.

Wenzangu, alama .* ina ulafi. Ilianzia kwenye <tr> ya kwanza ikameza mpaka </tr> ya mwisho, kwa sababu yenyewe inaona herufi tu. Kumbe HTML ni mti: table ni shina, kila tr ni tawi, kila td ni jani. Moduli ya HTML::TreeBuilder inasoma kiolezo na kuujenga mti huo. Upe mstari wa Kemia id, kisha:

use HTML::TreeBuilder;
my $mti = HTML::TreeBuilder->new_from_file('ripoti.html');
my $tawi = $mti->look_down(id => 'kemia');
$tawi->delete if $tawi;
print $mti->as_HTML;

look_down inatafuta tawi. Delete inaliondoa na majani yake, mengine hayaguswi. As_HTML inaurudisha mti kuwa ukurasa. Ile "if $tawi" ni kinga: tawi lisipopatikana, programu haikwami.

Nikaprinti upya, nikampelekea mama mwenyewe na kuomba radhi. Siku hizi kila ripoti naisoma kwanza kabla haijatoka mkononi.